Nimepita maktaba za vyuo Mombasa na hojaji, kila mahali "Ndiyo". Basi makala yangu iko wapi?

#1 BintiKuze

Assalam alaykum, na wengine hamjambo.

Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike na kahawa tungu kisha arudi.

Nasomea uzamili wa sayansi ya maktaba. Miezi minne sasa nazunguka maktaba za vyuo hapa Mombasa, kisiwani, ng'ambo ya Nyali na kule Likoni, nataka kujua ziko tayari kiasi gani kwa teknolojia ya kidijitali. Vyuo sivitaji. Niliruhusiwa kuingia kwa sharti hilo, na hata bila sharti, nilichokiona hakikuwa cha chuo kimoja.

Nilianza na hojaji kama wanafunzi wote. Maktaba ina kompyuta? Ndiyo. Ina intaneti? Ndiyo. Katalogi ya mtandaoni? Ndiyo. Majarida ya kielektroniki? Ndiyo. Hifadhi ya kidijitali ya tasnifu? Ndiyo. Sera ya mambo hayo? Hapo walikuwa wakisita kidogo, wakitazamana, kisha: Ndiyo, iko rasimu. Nikarudi nyumbani na bunda la karatasi lililojaa Ndiyo kutoka juu hadi chini. Ningechora grafu mbili tatu, msimamizi wangu angetia sahihi, na mambo yangeishia hapo.

Kilichoniharibia ni mvua. Ilininasa ndani ya maktaba moja ambayo hojaji yake nilikuwa nayo mkobani, imeshajazwa. Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikaona ngoja nitumie kile nilichoambiwa kipo.

Chumba cha kompyuta, mashine ishirini, nilizihesabu. Zilizowaka tisa. Katika hizo tisa, mbili kibodi zake hazina herufi a. Hebu wewe jaribu kutafuta kitu cha Kiswahili bila a.

Nikapata mashine nzima. Nikafungua katalogi, nikaandika Muyaka. Vitabu viwili. Nikaandika Ghassaniy, kikaja kingine. Nikaandika Mwinyi Haji, kikaja cha nne. Wote ni mtu mmoja, Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wa mji huu huu tulioketi, ila kila aliyeingiza kitabu aliingiza jina alivyolijua yeye. Nikachukua namba zote nne nikaenda kwenye rafu. Nilikikuta kimoja. Vitatu katalogi yasema vipo.

Nikarudi kwenye kompyuta nikatafuta makala ya jarida kuhusu hati za zamani na unyevu. Ikafunguka mara moja, nzima, kurasa zote. Nikafurahi, nikaandika jina lake, nikasema nitaisoma usiku.

Usiku, nyumbani Kuze, makala ile ile ikaniambia nilipe dola thelathini na kitu.

Siri yake ni ndogo. Mitandao ya majarida haimjui mwanafunzi, yaijua anwani ya intaneti ya chuo. Ukiwa ndani ya ua wa chuo mlango wafunguka wenyewe, wala huulizwi jina. Ukishapanda tuktuk wewe ni mpita njia kama mpita njia mwingine. Na chuo kimeshalipa! Kimelipa kupitia KLISC, ule muungano wa maktaba za Kenya ulioanza 2003 ili vyuo vinunue majarida kwa pamoja badala ya kila kimoja kukamuliwa peke yake. Pesa imetoka, makala ipo, msomaji yupo, na katikati pana ukurasa wadai dola.

Iko njia ya kuingia ukiwa nje. Chuo hicho kinayo. Nilimuuliza kijana wa dawati, akasema hiyo ni ya wahadhiri. Nikamuuliza mkubwa wake, akasema ni ya kila mtu, mbona maelezo yamebandikwa. Yamebandikwa wapi? Ofisini, nyuma ya mlango. Na mlango huo ukiwa wazi walalia ukuta, kwa hivyo karatasi yasomeka ofisi ikiwa imefungwa tu.

Tangu siku hiyo hojaji ya kwanza nimeiweka kando. Nina jaribio moja: swali moja la kweli la kozi, saa tatu usiku, simu mkononi, bando dogo. Je, mwanafunzi afika kwenye makala au hafiki? Akikwama, akwama wapi, na kuna wa kumuuliza? Nimelifanya mara kadhaa na sasa Ndiyo zangu zimepungua sana.

Naomba maoni, hasa ya wakutubi wenyewe. Msinionee haya.

#2 Kachri_Bajia

Hiyo kibodi naijua. Siku hizi hata s imeanza kulegea.

#3 MkutubiMchovu

Dada, alaykum salaam. Umesema tusikuonee haya, basi na wewe usikasirike.

Nyinyi watafiti mwaja na mikoba, mwajaziwa karatasi, mwaondoka na shahada. Sisi twabaki na hizo kompyuta tisa. Mimi nimekuwa kazini miaka kumi na sita. Kwenye karatasi mimi ni mkutubi wa mifumo. Kwa vitendo mimi ndiye niingizaye vitabu kwenye katalogi, nikaaye dawatini kijana akienda chakula, nimpigiaye simu fundi wa stima, na Ijumaa mchana nafunga madirisha. Unauliza nani amjibu mwanafunzi saa tatu usiku. Saa tatu usiku mimi niko jikoni.

Kuhusu katalogi. Twatumia Koha, kama wengi. Programu nzuri, sina ugomvi nayo. Ilizaliwa New Zealand, ikaanza kazi 2000 kwenye maktaba ndogo za mashambani huko, na jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi. Sawa. Ni zawadi ya mbuzi. Bure umempata, majani akate nani? Yetu iliwekwa na kijana aliyekuja kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Hodari kweli, Mungu ampe kheri. Akaondoka na paswadi kuu kichwani mwake. Tulimtafuta miezi saba, tukampata yuko Doha. Hatukuthubutu kuisasisha kwa muda wote huo kwa kuogopa isije ikalala isiamke.

Halafu kuna hewa. Mtu wa Nairobi akija kutupima hana swali la hewa kwenye karatasi zake. Hapa chumvi yaingia hata kwenye kufuli. Kompyuta ambayo huko juu yaishi miaka minane, hapa miaka minne ubao wake umeota kijani. Lebo za bakodi zabanduka zenyewe kwenye migongo ya vitabu wakati wa kusi, twaziokota sakafuni asubuhi kama majani ya mwarobaini. Bajeti yaandikwa kana kwamba tuko mahali pakavu.

Na michango! Twaletewa makasha ya vitabu kutoka ng'ambo, nusu yake ni vitabu vya kompyuta za disketi. Kuvikataa ni utovu wa adabu, kuviingiza ni siku kumi za kazi. Ukihesabu rafu, twaonekana matajiri.

Sisemi hukuona ulichokiona. Nasema ukipima bila kuuliza kwa nini, umepima joto la mgonjwa ukaenda zako.

#4 FundiWaSeva

Niongezee upande wangu, mimi nawekea vyuo mitambo.

Kinachonichekesha na kuniudhi ni hiki. Nyaya za chini ya bahari zatua hapa hapa kwetu. Kabla ya 2009 Kenya nzima ilikuwa ikining'inia kwenye setilaiti. Mwaka huo zikaja TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, 2010 ikafuata EASSy, 2012 LION2. Intaneti ya Nairobi, ya Kampala, ya Kigali yapita chini ya miguu yetu ikielekea bara. Mwanafunzi aliye kilomita chache kutoka pale waya ulipopanda ufuoni angoja ukurasa ufunguke hadi asinzie. Kosa si la waya. Waya wa chuo wenyewe mara nyingi ni mzuri, hasa walio kwenye KENET, ule mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya. Kosa liko kwenye mita hamsini za mwisho: swichi ya zamani, kebo imekatwa na panya, kituo kimoja cha waifai chagawiwa watu mia mbili kwa sababu ndicho kilicho karibu na soketi.

Halafu watu wadhani kuwa tayari maana yake ni kuweka kila kitu mbali, kwenye mawingu. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, nilikuwa kwenye chuo kimoja. Kila kitu cha nje kilikuwa kikitambaa. Kitu kimoja kilikuwa chapaa: hifadhi yao ya tasnifu, ya programu iitwayo DSpace, iliyokuwa kwenye seva mle mle ndani. Wanafunzi wakagundua siku hiyo kwamba chuo chao kina tasnifu mtandaoni. Ilibidi bahari ikatike ndipo wajue.

Lakini msishangilie mapema. Nikauliza nakala ya akiba ya hiyo hifadhi iko wapi. Nikaonyeshwa diski imewekwa juu ya seva yenyewe, kama mtoto kwenye mabega ya babake, na kiyoyozi chadondosha maji futi mbili kutoka hapo. Moto ukija, maji yakija, mwizi akija, vyote viwili vyaenda pamoja. Na wadukuzi nao. Maktaba ya Uingereza, London, na ukubwa wake wote, iliingiliwa Oktoba 2023. Walitaka bitcoin 20, maktaba haikulipa, wakamwaga karibu gigabaiti 600 za faili. Katalogi ilirudi Januari 2024, tena ya kutazama tu. Kama wale waligonga mwamba hivyo, sisi tulioweka paswadi "maktaba123" tuko tayari kwa lipi?

BintiKuze, kwenye jaribio lako tia swali moja: tuzimie seva leo, tuone mtairudisha lini. Hapo hakuna wa kukujibu Ndiyo.

#5 Rafu_ya_Chini

"maktaba123" umeiandika hadharani, kuna watu hapa mioyo imeruka.

#6 MgeniWaDar

Habari za Mombasa. Huku kwetu tunaita dodoso, lakini Ndiyo zake ni zile zile. Mimi niliwahi kuwa mjibuji, nikapewa dodoso la kurasa kumi na moja saa saba mchana njaa inauma. Nilikuwa natiki tu. Naomba radhi kwa aliyeandika tasnifu kutokana na tiki zangu.

#7 MhadhiriTudor

Nimesoma kwa utulivu. Hoja ya BintiKuze ni nzuri ila naona anaelekea kutupa mtoto na maji ya kuogea, kwa hiyo nimkumbushe mambo mawili.

Kwanza, hatuanzi sifuri. KENET walikwisha kupima utayari wa vyuo vikuu vya Kenya, 2008 na tena 2013, kwa mfumo uliotokana na ule wa Harvard. Uzuri wa mfumo ule haukuwa Ndiyo na Hapana. Kila kigezo kilikuwa na ngazi nne, chuo kinaambiwa kiko ngazi ya ngapi. Kwa hiyo tatizo si hojaji kama hojaji, ni hojaji ya uvivu.

Pili, umepima mitambo na milango, hukupima watu. Mtafiti Parasuraman mwaka 2000 alitoa kipimo cha utayari wa mtu mwenyewe kwa teknolojia. Kina pande nne. Mbili zinamsukuma mtu mbele: matumaini, na kupenda kujaribu vipya. Mbili zinamvuta nyuma: kuhisi amelemewa, na kutouamini mtambo. Ufunguo wake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na zote nne kwa wakati mmoja. Nimefanya kazi na wakutubi wanaoisifu teknolojia kwenye mkutano asubuhi, na jioni wanaandika mikopo ya vitabu kwenye daftari pembeni "kwa usalama". Huyo ni tayari au si tayari? Kompyuta unaweza kununua kwa zabuni. Lile daftari la pembeni haliondoki kwa zabuni.

#8 BintiKuze

Maalim, ahsante, na mtoto simtupi, naahidi.

Daftari la pembeni nimeliona mara tatu! Mahali pamoja lilikuwa na jalada la khaki na kalamu imefungwa kwa uzi. Nilipouliza, mama wa dawati akanijibu: "Hili halijawahi kuzimika." Sikuwa na la kusema. Stima ilikuwa imepotea dakika chache kabla, yeye yuwaendelea kuazimisha, mwenye kompyuta amekunja mikono. Kwa hivyo mimi hilo daftari siliiti woga. Naliita kumbukumbu ya mtu aliyeachwa gizani mara nyingi.

Kuhusu vipimo, kuna kimoja cha Wamarekani, LibQUAL+, cha 2000, maswali 22. Sikipendi chote, kimeshonwa kwa maktaba zisizokatikiwa na stima. Lakini kina ujanja nilioupenda: kila swali wajibu mara tatu. Kiwango cha chini unachoweza kuvumilia, kiwango unachotamani, na kile upatacho hasa. Nikawajaribia wanafunzi wachache kwa mdomo. Shida ikaja kwenye kile cha chini. Msichana mmoja wa mwaka wa pili nilipomuuliza kiwango cha chini anachovumilia maktabani, alifikiri, akasema: "Nisifukuzwe."

Sasa ukimpima kwa hilo, kila maktaba Mombasa imepita.

MkutubiMchovu, dada yangu, nimekusoma mara mbili. Lile la hewa sikuwa nalo kabisa, naliongeza na nitalitaja kuwa nimefunzwa na mtu wa kazi. La saa tatu usiku sikukusudia wewe ukae macho. Nilikusudia maelezo yakae macho.

#9 MwanaLikoni_04

Mimi ni mwanafunzi, naomba niseme ukweli mtupu na msinifunge.

Maktaba sisi twaenda kwa mambo matatu: feni, kimya, na soketi. Hasa soketi. Zile meza za ukutani zilizo karibu na soketi zashikwa kuanzia saa moja unusu asubuhi, mtu aacha mkoba na chupa ya maji aende darasani. Makala za kusoma twapata kwenye WhatsApp. Kuna kikundi cha darasa, kuna kikundi cha waliotutangulia, mtu auliza "nani ana ile pidiefu", baada ya dakika tano ishaingia. Imetoka wapi hatuulizi. Mitihani ya zamani vile vile, yapigwa picha kwa simu, ukurasa wa tatu kila mara umekatwa pembeni.

Kwa hivyo mkisema maktaba haiko tayari kidijitali, sisi tushatayarika bila yake, ila vibaya. Najua ni vibaya. Mwaka jana nilinukuu makala niliyopewa kikundini, kumbe ilikuwa rasimu ya mtu, mhadhiri akaizungushia wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Hiyo ya kuingia majarida ukiwa nje ndiyo naisikia leo. Miaka mitatu niko chuo. Wallahi.

#10 Pwani_Moja

Kwetu wamefunga mlango wa alama za vidole kuingilia maktaba. Teknolojia hiyo ilikuja haraka, haikungoja bajeti. Nikauliza vidole vyangu vyahifadhiwa wapi na nani avitazama, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Askari wa mlangoni akaniambia "hapo ndani ya kile kisanduku". Nikaridhika.

#11 MzeeWaRejesta

Wanangu, nimestaafu, macho hayana nguvu, mjukuu ndiye anisomeaye na kuniandikia. Lakini hili la vile vitabu vitatu vya Muyaka limeniuma nikaona nisinyamaze.

Mwanangu BintiKuze, huenda vitabu hivyo havikuibwa juzi. Mimi nilikuwako tulipohama kutoka kadi kwenda kompyuta. Tulikuwa na kabati la droo za mbao, kila droo na shikizo la shaba, kadi zimepangwa kwa herufi, zimenuka nta. Ikaja amri: ingizeni zote kabla ya wageni wa ukaguzi. Vijana wakapewa droo na kibodi, wakaingiza usiku na mchana. Nikasema, jamani, kwanza tuhesabu rafu. Kitabu kilichopotea zamani kadi yake bado iko. Nikaambiwa mzee wacha kuturudisha nyuma. Basi wakanakili kadi, hawakunakili rafu. Vitabu vilivyokufa vikaingia kwenye kompyuta vikiwa hai, na mpaka leo vyasema "nipo".

Na lile la majina. Kwenye kadi tulikuwa na kadi ya "tazama". Ukienda kwenye Ghassaniy, wakuta kadi yakwambia: tazama Muyaka. Ilikuwa kazi ya mikono na ya kujua watu. Kompyuta yaweza kazi hiyo vizuri kupita kadi, ina mahali pake hasa pa kuunganisha majina, lakini yataka mtu akae aifundishe kwamba huyu na yule ni mmoja. Majina ya huku kwetu, yenye bin na al na jina la kabila na la mtaa, yakiachiwa mgeni ayapange, kila mtu atakuwa watu wanne.

Jambo la mwisho. Mwatafuta vya mbali, vya kwenu mwaviacha. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, namba yake EAP466. Hazilipiwi, wala hazitaki paswadi, hata simu ya mjukuu wangu imezifungua. SOAS, chuo kikuu kule London, nao wana mkusanyo mkubwa wa hati za Kiswahili. Niliingia maktaba ya chuo mwaka jana, nikamuuliza kijana kama aweza kunionyesha hizo za Lamu kwenye kompyuta. Akaniambia, mzee, za Lamu waende Lamu.

Kijana yule sikumlaumu. Kwenye hojaji yako, je, kulikuwa na swali la kama mkutubi ajua kilichoko nje ya kuta zake?

#12 BintiKuze

Shikamoo mzee wangu. Hapana, halikuwako. Nimeliandika sasa hivi. Na "walinakili kadi, hawakunakili rafu" naomba ruhusa yako niitumie.

#13 MzeeWaRejesta

Marahaba. Itumie. Jina langu uliache.

#14 MwanaLikoni_04

Naleta ripoti ya jaribio. Nimelifanya jana usiku, saa tatu kasoro, nikiwa ndani ya feri narudi nyumbani, bando la shilingi ishirini.

Swali langu lilikuwa la kozi, kuhusu kutu kwenye nondo za majengo ya pwani. Nikaingia ukurasa wa maktaba ya chuo. Wafunguka, ila kwanza kuna picha kubwa ya sherehe ya mahafali, nayo yala bando kabla hujaona neno. Nikatafuta "majarida", nikakuta kiungo, kikanipeleka kwenye ukurasa uliokufa. Nikarudi, nikakuta kingine chini kabisa, hicho kizima. Chataka jina na paswadi. Jina nikaweka namba ya usajili. Paswadi sijui. Nikajaribu ya kitambulisho, ikakataa. Nikajaribu "maktaba123", FundiWaSeva nisamehe, ikakataa pia, angalau.

Kuna anwani ya barua pepe ya msaada. Nikaandika feri ikiwa katikati ya mkondo. Tulipofika ng'ambo bado kimya, nikalala. Asubuhi saa mbili na dakika kumi nikajibiwa: "Fika maktabani na kitambulisho ufunguliwe akaunti." Nikafika saa nne. Akaunti ikafunguliwa kwa dakika tatu. Dakika tatu! Miaka mitatu niliyokaa nje na mlango wenyewe ni wa dakika tatu.

Makala nimeipata. Iko nzima, na ukurasa wa tatu haujakatwa.

#15 FundiWaSeva

Hiyo picha ya mahafali wapunguze. Nimeshawahi kupima ukurasa wa chuo, picha moja ilikuwa nzito kuliko tasnifu.

#16 MhadhiriTudor

MwanaLikoni_04, hongera. Nami nakiri: nawapa wanafunzi orodha ya makala kila muhula, na sijawahi hata siku moja kuwaambia wanaingiaje. Nilidhani wanajua. Jumatatu nitaanza somo na hilo, dakika kumi, simu zote juu ya meza. Itakuwa mara ya kwanza nazitaka simu mezani.

#17 MkutubiMchovu

Nimekaa kimya siku mbili kwa sababu nilikuwa na la kusema na sikujua niliseme vipi.

BintiKuze, ile karatasi ya nyuma ya mlango niliibandika mimi. Nimekujua kwa mvua ile, ulikuwa na mkoba wa ukili na ulikaa mashine ya dirishani. Niliibandika hapo mwaka ule vyuo vilipofungwa kwa korona, 2020. Tulikuwa twafanya kazi kwa zamu, mlango wafungwa tukiwa ndani, na wenzangu walikuwa wakiniuliza kila siku njia ya kuingia wakiwa nyumbani. Basi nikaiweka mbele ya macho yao. Baadaye tukafungua mlango, na sikuitazama tena. Nilikuwa nasema "imebandikwa" kwa moyo safi kabisa.

Jana niliiandika upya kwa Kiswahili, mistari sita, bila picha, nikaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha viongozi wa madarasa. Kijana wa dawati nimemketisha nikamfundisha, na nimemfungulia hati za Lamu akaziona. Mzee, amesema akikuona tena atakuomba radhi.

Ujumbe wa kwanza kujibu kikundini ulikuwa: "Hii ni bure kweli, ama mwisho wa muhula itaingizwa kwenye karo?" Wa pili: "Tuma pidiefu." Leo mchana waliokuja kufunguliwa akaunti wamefika hadi ngazi, na mimi niko peke yangu dirishani, chai imepoa.

#18 BintiKuze

Dada, sina neno. Kesho naja kukusaidia dirishani, na mahamri naleta.

Na zile kibodi?

#19 MkutubiMchovu

Njoo. Kibodi ziko kwenye rasimu.